Walitufundisha kukamata uongo, lakini hati yangu ilikuwa ya kweli

Wandugu, leo sileti tangazo la kazi, wala sikumbushi mtu juu ya kotisasyo. Wiki jana mwenzetu mmoja aliuliza hapa kama ile mafunzo ya kutafuta habari kwenye intaneti, ile wanatoa kwa waandishi wa habari, inastahili mtu apoteze siku tatu. Wengi mulimujibu: "Enda, breve inasaidia kwenye CV." Mimi nilianza kuandika jibu la mistari miwili, likakataa kuisha. Njo hili.

Hiyo mafunzo nimeifuata mara mbili, 2022 na 2023, zote Bukavu. Si mwandishi wa habari. Nina lisansi ya agronomia, na sawa wengi wetu humu, kazi niliyosomea ninaifanya bure: kila Alhamisi, saa moja, katika kipindi cha wakulima cha radio moja ya jamii. Njo maana waliniita.

Nianze na mazuri, juu yapo. Siku ya kwanza tulijifunza kuandika kwenye Google kama watu wanaojua wanachotaka. Kufunga maneno ndani ya alama za kunukuu ili yasitenganishwe. Kuweka alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka. Kuandika site: ili ubaki ndani ya tovuti moja, na filetype:pdf ili uache porojo na upate hati. Mfundishaji alitupa zoezi juu ya sheria ya kilimo, Sheria namba 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011. Tukaingia leganet.cd, na ndani ya dakika tano kila mtu alikuwa na maandishi yenyewe mbele ya macho. Ile kifungu cha 16, kinachosema nani ana haki ya kupewa konsesyo ya kilimo, nilikuwa nimesikia watu wakikibishania tangu niko chuoni, kila mmoja na chake. Siku hiyo nilikisoma kwa mara ya kwanza. Papa mmoja wa radio ya Kalehe, mwenye miaka mingi kwenye mikro kuliko mimi duniani, alisema kwa sauti: "Kumbe miaka yote hii iko hapa!" Kama mafunzo ingekuwa siku hiyo moja tu, ningeipa alama 18 juu ya 20.

Siku ya pili ilikuwa ya picha. Unachukua picha, unaiweka kwenye TinEye au kwenye Google, unaona ilitokea wapi kwanza. Kiisha Wayback Machine, kwa kurasa zilizofutwa. Siku ya tatu ilikuwa ya fununu: nani ameandika, akaunti yake ina umri gani, mahali ni wapi, saa ni ngapi. Tulipewa fulashi yenye kitabu ambacho karibu projekta yote ilitoka ndani yake, Verification Handbook, kilichosimamiwa na Craig Silverman na kutolewa na European Journalism Centre mwaka 2014. Nilikisoma polepole kwa kiingereza changu cha kuungaunga. Ni kitabu kizuri, sitasema kingine. Lakini jina lake refu lenyewe linasema kimeandikwa kwa ajili ya habari za dharura: kumetokea maafa, picha zinamiminika, mwandishi ana dakika kumi za kujua ipi ni ya kweli. Na matoleo yaliyofuata, 2015 na 2020, yamekwenda kwenye uchunguzi na kwenye uongo unaopangwa. Kwa hiyo swali linalorudi kila mara ni moja: hii kitu ni ya kweli ao ni ya bandia?

Kwetu swali hilo lilifika wakati tunalihitaji sana. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, Agosti 2018, fununu ziliua watu sambamba na ugonjwa. Kiisha Covid. Kiisha uchaguzi wa Desemba 2023. Wenye kulipa mafunzo walilipa juu ya fununu, na wafundishaji wakafundisha fununu. Siwalaumu. Ninasema tu kwamba kuna kosa moja ambalo hiyo mafunzo haina hata neno la kuliita, na mimi nililifanya, nikiwa na breve yao mfukoni.

Ilikuwa Februari 2023, Jumatano jioni. Dada anayeongoza kipindi chetu aliniandikia WhatsApp: wasikilizaji wa kijiji kimoja cha Kabare wanasema ndizi zinaiva kabla ya wakati, majani yanalegea na kuwa ya njano, ukikata ndizi ndani kuna rangi ya kutu, ukikata mgomba unatoa usaha wa njano. "Agronomu, kesho tunapitisha nini?"

Hapo hakuna fumbo. Ni mnyauko wa migomba, ule unaosababishwa na bakteria ya Xanthomonas, wa upande wa Masisi na Rwanda wanauita kirabiranya. Ulijulikana kwanza Ethiopia, na 2001 ulionekana Uganda na hapa kwetu Kivu ya Kaskazini. Nilijua ugonjwa, lakini nilitaka kuwa na karatasi mkononi. Nikafanya vile nilivyofundishwa: "flétrissement bactérien du bananier", ndani ya alama za kunukuu, filetype:pdf. Hati ya kwanza kabisa ilikuwa fishi ya shirika kubwa. Nikaipitisha kwenye mitihani yote. Shirika lipo? Lipo. Waandishi wapo? Wapo, ni watafiti wenye jina. Picha ni zao? Nilizipitisha TinEye, ni zao. Nikajisikia mtu wa maana.

Fishi ilisema: ukiona mgomba mmoja umeugua, ng'oa shina zima, pamoja na machipukizi yote na mizizi, katakata, zika, na usipande mgomba fasi hiyo kwa miezi sita. Nikapiga picha ya ukurasa huo, nikatuma. Kesho yake dada aliisoma vizuri sana, kwa kiswahili na kwa mashi, mara mbili.

Mama mudogo wangu anasikiliza kipindi hicho juu mimi niko ndani yake. Alikuwa na mashina kama 40 nyuma ya nyumba, na matatu yalikuwa na alama. Migomba hiyo njo ilikuwa kasiksi, na kasiksi njo ilikuwa minerval ya watoto wake wawili. Aliwaita vijana, akawalipa, wakang'oa. Hakung'oa matatu tu. Mashina yalikuwa yamesongamana, mizizi imeshikana, na radio imesema shina zima na machipukizi yote, basi akaona ni afadhali kusafisha hadi kwenye mupaka wa jirani. Siku tatu za jembe. Alinipigia simu kunishukuru.

Mwezi wa tano nilikutana na mukubwa wangu wa chuo kwenye kilio, anafanya kazi na watafiti wa migomba. Nikamuhadisia kipindi chetu kwa majivuno. Akaniangalia. "Lakini hii mambo ya kung'oa shina zima bado munaitangaza? Siku hizi tunakata paka ule mgomba unaougua!"

Kwa wale wasio wa kilimo, nieleze. Miaka ya 2000 ushauri wa kung'oa shina zima ulikuwa sahihi kwa ujuzi wa wakati huo: watu waliamini kwamba mgomba mmoja ukiugua, bakteria imeshaenea kwa ndugu zake wote wa shina moja. Kiisha watafiti wakaona kwamba si hivyo kila mara, machipukizi mengi ya shina hilohilo yanabaki salama. Kuanzia miaka ya 2010 wakajaribu njia nyepesi, na sehemu ya majaribio hayo ilifanyika hapahapa Kivu ya Kusini, na wakulima wetu. Unakata mgomba wenye alama tu, kwenye usawa wa udongo. Panga unalipitisha kwenye moto ao kwenye maji ya javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua dume unalivunja kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, juu wadudu wanaolitembelea njo wanabeba ugonjwa. Unarudi kila wiki kuangalia, na ukiona mwingine umelegea unaukata nao. Ugonjwa unashuka sana, na shamba linaendelea kuzaa. Shamba ambalo karibu lote limeshaugua ni hadisi nyingine, lakini mashina matatu juu ya 40 si hadisi hiyo.

Kwa hiyo nilikuwa nimetuma kwenye radio hati ya kweli, ya shirika la kweli, yenye picha za kweli, juu ya ugonjwa wenyewe kabisa. Hakuna mtihani wa siku tatu zile ambao ingeanguka. Ilikuwa tu imepitwa na miaka zaidi ya kumi.

Usiku ule nilirudi kwenye simu. Niliingia Google Scholar, nikaandika jina la hati moja ya zamani juu ya ugonjwa huo, na nikabonyeza ile maandishi madogo chini yake: "Cité", na hesabu mbele yake. Hapo inakupa orodha ya maandiko yote yaliyokuja nyuma na kuitaja ile ya kwanza. Ndani ya robo saa nilikuwa na majaribio ya Kivu, na sababu, na mipaka ya njia yenyewe. Robo saa! Kitu kile hakikuwa kimefichwa. Kilikuwa umbali wa kubonyeza mara moja, na mara zote mbili za mafunzo sikuona mtu akibonyeza hapo. Wanakufundisha kurudi nyuma: picha hii ilianzia wapi, maneno haya yalisemwa na nani kwanza. Kwenda mbele, kuuliza ni nani amekuja baadaye kusahihisha, hakuna anayekuonyesha. Kwa kilimo, kwa dawa, kwa bei, kwa sheria, njo huko unakopotelea.

Kuna sababu ya zamani kupanda juu. Tangu Page na Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, wazo la msingi lilikuwa kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi ni wa maana. Leo wanaongeza vipimo vingi, lakini wazo lile halijafa. Sasa hati ya miaka kumi na tano imepata miaka kumi na tano ya kutajwa. Ile ya jana haijapata mtu. Scholar nayo inatazama sana hesabu ya kutajwa. Kwa hiyo kile unachokiona wa kwanza mara nyingi ni mzee mwenye heshima, na mzee anaweza kuwa hajasikia habari mpya.

Na tarehe ile Google inaandika pembeni usiiamini haraka. Wanafundisha kuandika after:2015 ili upate mapya. Ni vizuri, ipo tangu 2019, ninaitumia. Lakini hati ya 2006 ikipandishwa upya kwenye tovuti mpya, inaweza kuonekana kama ni ya mwaka ilipopandishwa. Mimi sasa ninashuka moja kwa moja hadi mwisho wa hati, kwenye orodha ya vitabu walivyotumia, ninatafuta mwaka wa juu kabisa. Kama mwaka wa juu ni 2005, basi hati ni ya hapo, hata kama jalada linang'aa. Fishi yangu ningeifanyia hivyo, ningejua ndani ya sekunde ishirini.

Sikuifanyia. Na hapa lazima niseme ukweli wangu, juu si vizuri kulaumu mafunzo peke yake. Nilisoma kurasa mbili juu forfé yangu ilikuwa ya WhatsApp. Kufungua PDF ya mega nyingi ni kula pesa ya kesho, na umeme ulikuwa umekwenda, betri inaniangalia. Nani kati yetu hafanyi vile? Wafundishaji wanakuja na wifi ya hoteli, wanafungua madirisha kumi kwa pamoja, sisi tunaandika. Kiisha tunarudi nyumbani na simu yenye kioo kilichopasuka. Mafunzo inayotaka kutusaidia ingetupokonya ile wifi siku nzima na kusema: una mega 50, tafuta. Hapo ungejifunza unafungua nini kwanza na unaacha nini.

Jambo la pili ambalo sikulipata mafunzoni ni maneno. Operateri zote za Google ni kijiko tu, chakula ni neno unalotafuta. Angalia bakteria yetu. Hati za zamani zinaiita Xanthomonas campestris pv. musacearum. Siku hizi wanasayansi wameihamisha, ni Xanthomonas vasicola pv. musacearum. Kwa mwandishi hiyo inaonekana upuzi wa kilatini, lakini jaribu: ukitafuta na vasicola, wazee wengi wanabaki nje ya mlango wenyewe. Jina jipya linakuchujia miaka. Na ukitaka kurudi nyuma, fanya kinyume. Ugonjwa wa kahawa ambao leo tunauita trachéomycose, zamani uliandikwa pia carbunculariose. Asiyejua neno hilo hafikii maandiko ya wakati wa mukoloni. Vilevile asiyeandika Costermansville hapati nusu ya kilichoandikwa juu ya Bukavu kabla ya uhuru, na asiyeandika Élisabethville hapati Lubumbashi kabla ya 1966.

Lugha nayo. Kwa kifaransa nilipata fishi ya zamani. Majaribio mapya, hata yale ya kwetu, mengi yameandikwa kwa kiingereza, na mkulima aliyekata migomba mbele ya mtafiti hawezi kuyasoma. Kwa kiswahili ukiandika "mnyauko wa migomba" unaletewa ya Tanzania, na mengine ni mazuri sana. Mfundishaji alituambia tutafute kwa lugha ya habari yenyewe. Lugha ya habari yenyewe ilikuwa mashi, na kwa mashi Google haikunipa kitu.

Kwa hiyo maneno unayapata wapi kabla ya kutafuta? Kwa watu. Unapiga simu kwa agronomu wa teritware, unamuuliza: huu ugonjwa unaitwaje kwenye karatasi, na ulikuwa unaitwaje mbele? Unamuuliza mama wa shamba anauita nini. Kiisha njo unafungua Google. Mimi nilifanya kinyume. Kituo cha utafiti cha INERA kiko Mulungu, hapohapo Kabare, wasikilizaji wetu wanapita mbele ya mlango wake wakienda soko. Sikufikiri kupiga simu, juu nilikuwa nimefundishwa kwamba sasa ninajua kutafuta. Hiyo njo hasara ninayoiona kwa wenzangu wengi waliopata breve: wanauliza watu kidogo kuliko mbele.

Mafunzo ya pili, Oktoba 2023, ilikuwa na projekta ileile, na uchaguzi umekaribia. Nilinyoosha mkono nikahadisia mambo ya migomba, bila kutaja ya mama mudogo. Mfundishaji alinisikiliza vizuri, ni mtu wa heshima. Akajibu kwamba hiyo ni swali la wanasayansi, sisi tuko hapa juu ya habari za uongo. Saa ya kahawa waandishi wanne walinifuata. Mmoja alikuwa ametangaza kipimo cha dawa ya malaria kutoka hati ya zamani. Mwingine alikuwa amesoma hewani taksi ya forodha ambayo ilikuwa imeshabadilika, na wachuuzi wa mpakani wakagombana na maofisa siku nzima, wakisema "radio imesema." Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amedanganya.

Kwa mwenzetu aliyeuliza: enda. Siku ya kwanza itakulipa yote. Siku ya pili na ya tatu sikiliza, lakini usitoke ukiamini kwamba kazi ya mwandishi ni kuwinda waongo peke yake. Na saa ya maswali, uliza: "Nitajuaje kama hati hii bado iko sahihi?" Tukiuliza wengi, labda wataongeza projekta moja.

Sisi kwenye radio tulirekebisha, Alhamisi mbili mfululizo, kwa kiswahili na kwa mashi. Nilisema kwa kinywa changu kwamba ushauri wa Februari ulikuwa wa zamani na kwamba mimi njo niliuleta. Dada hakutaka niseme hivyo, alisema wasikilizaji watatupoteza. Walipiga simu wengi kuliko siku zote. Mama mudogo naye alipiga, lakini si kwa radio, kwangu. "Nimesikia. Sasa ile migomba yangu, utaiona kwenye Google?"

Nilimupelekea machipukizi 15 kutoka shamba lisilo na ugonjwa, msimu wa mvua ulipoanza. Ndizi za kwanza alikata mwanzo wa 2025. Mtoto mmoja alikuwa amepoteza mwaka wa masomo.

Mwenye hati mpya juu ya mnyauko, kwa kifaransa ao kwa kiswahili, aitume kwenye grupe. Tafadhali andikeni mwaka juu yake, na mega zake.